Mafuta ya Nazi Ndani ya Dainamo

Assalaam aleikum, wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mlio nyuma ya pazia. Mwanijua kwa vicheko. Leo niwieni radhi, kichwa sikiinui.

Nilipopewa kazi ya kutunza injini ya akiba katika nyumba moja ya kuzalia hapa Mji wa Kale, ile ya kuwashwa stima ya mji ikikatika, nilijiona mkubwa! Nikilala naota nawasha taa toka Ndia Kuu hadi Mwembe Tayari. Vijana wa mtaani wakiniita Bwana Stima, nami naitika.

Sasa, ndugu zangu, mwajua chumvi ya hapa inavyokula chuma. Kwetu cherehani, bawaba, kufuli, vyote hupakwa mafuta ya nazi. Basi nami kwa mapenzi nikaifungua dainamo, kile chombo kinachozungushwa na injini kikatoa stima, nikaipaka, hata lile gurudumu la shaba linalosuguana na vipande vya makaa vinavyopokea stima. Liking'ara kama bangili.

Alasiri moja stima ikakatika, na ndani daktari anampasua mama mja mzito. Nikawasha injini. Taa zikawa nyekundu, zasinzia. Mshale wa volti haupandi. Nikaongeza mwendo; injini ikalia, moshi ukajaa ua, taa vilevile.

Fundi mkuu akaja mbio. "We, umegusa nini?"

"Sikugusa kitu, fundi. Injini yenyewe kongwe."

Nawaambia, ulimi ulikuwa mwepesi! Akaanza kukagua waya mmoja mmoja, na ndani wauguzi wanamulika kwa tochi. Mamake mgonjwa akanishika mkono: "Mwanangu, fundi wetu ni wewe. Tutilie taa, wamuone binti yangu."

Mkono ule ukanivunja. Nikamnong'oneza fundi, "Nimeipaka mafuta ya nazi. Kwenye shaba."

"Lo! Hiyo dainamo ni nywele za bibi harusi? Mafuta yazuia stima kupita!"

Tukaizima, tukafuta shaba kwa kitambaa chenye petroli, tukaipiga msasa, tukawasha. Mshale ukapanda. Taa zikawa nyeupe. Baadaye mtoto akalia.

Yule mamake mgonjwa akatoka ndani, akanipangusa jasho kwa leso yake, akaniombea dua mbele ya watu. Nami nikaipokea, nikaitikia amina.

Namshukuru fundi, hakunifukuza wala hakunitangaza. Nawashukuru wauguzi. Nanyi vijana wenzangu, ukiulizwa umegusa nini, jibu papo hapo. Kuna mtu yuko gizani, angoja jibu lako.

Mama, najua uko nyuma ya pazia hilo. Giza lile nililitia mimi. Dua yako sikuistahili. Ukitaka kuitwaa, itwae.