Mkebe wa Vidonge wa Kinyozi

Jioni hiyo nilikuwa namimina kahawa kwa mkono mmoja, mwingine umemkumbatia binti yangu aliyelala mapajani akiwaka kuliko birika. Benchi langu liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na wateja ni walewale: Kinyozi mwenyewe, Spoku fundi baiskeli, na Gazeti, ambaye anajua habari zote bila kusoma hata moja. Zahanati ilikaribia kufungwa, nami nilishindwa kuacha jiko. Kinyozi aliponiona nahangaika, akaingia ndani, akatoka na mkebe.

— Shika, mama. Dawa za malaria. Kila anayepata nafuu hapa kijiweni anaacha zilizobaki, ili mwenzake akiugua asisumbuke.

Moyo ukanilainika. Watu wema hawa.

— Mpe mseto, akasema Spoku. Unashusha homa chapchap, siyo kama zile chungu za zamani.

— Mseto unamponya mgonjwa tu! akadakia Gazeti. Shemeji yangu alipopimwa, aliongezewa kidonge kimoja kidogo. Nesi akamwambia, hiki ni kwa ajili ya jirani zako, mbu akikuuma asiondoke na wadudu akawapelekea.

— Kwa hiyo unameza wewe, anatibiwa mbu? akauliza Spoku.

— Ndiyo maana yake!

— Basi naye apange foleni kama sisi!

— Cheka tu. Mbu akinywa damu yenye dawa analewa, anasahau njia ya kwetu.

— Na mimi niliyemeza nusu?

— Analewa nusu, Spoku. Anaishia kwa Kinyozi.

Wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nachambua vidonge, sijui kipi cha mtoto, kipi cha mkubwa.

Mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma alikuwa amekuja na kikombe chake. Akauangalia mkebe.

— Samahani, kaka zangu. Kati yenu, nani alimaliza dozi yake?

Kinyozi akamtazama Spoku. Spoku akamtazama Gazeti. Gazeti, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari.

Mbu akatua kwenye mkono wa Spoku. Tulimwangalia sote akinywa, hakuna aliyempiga.

Nikarudisha vidonge mkebeni. Kinyozi akaufunika, kisha akanipokea birika.

— Kimbia zahanati, mama, kabla hawajafunga. Kahawa nitauza mimi.

Spoku alikuwa ameshageuza baiskeli ya mteja, ikasimama kwa magurudumu.

— Panda na mtoto, dada. Na mimi nikapimwe. Tangu asubuhi nasikia baridi, nilikuwa naona haya kusema.