Kiganja Kichwani Kabla ya Viatu

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: kwa miaka miwili, kila Mama alipomwambia Baba ananipeleka kwa fundi cherehani, alikuwa ananipeleka kwa Bi Taratibu. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa sana. Sindano zilikuwepo.

Bi Taratibu ndivyo hospitali nzima inavyomwita mtaalamu wetu wa tiba ya sindano, zile nyembamba za Kichina zisizo na dawa ndani, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Alianza kama muuguzi wa wodi ya wanaume, akaenda kusomea sindano, akarudi na kupewa chumba cha mwisho kwenye korido, kile chenye bomba linalovuja. Bomba halijatengenezwa hadi leo. Aliweka ndoo, akaichora maua, kazi ikaendelea.

Nilifika kwake nikiwa na kipandauso cha kila wiki. Nusu ya ubao ilikuwa inatoweka, kisha jicho la kushoto linagongwa nyundo kwa ndani, kisha natapika kwenye choo cha shule huku mwalimu wa hesabu akiamini nakimbia mtihani. Bi Taratibu hakuniahidi miujiza. "Vidonge vya daktari usiache, mwanangu," alisema, "na mimi nitajaribu upande wangu." Akajichoma sindano ya kwanza yeye mwenyewe, kati ya kidole gumba na cha shahada, ili nione inavyoingia. "Umeniona nikilia?" Kipandauso hakijaisha. Lakini siku hizi mwezi mzima hupita bila kunitembelea, na mtihani wa hesabu nimeufanya wote mpaka mwisho, nikafeli kwa uwezo wangu mwenyewe.

Amewahi kukosea? Ndiyo. Wakati fulani alisahau sindano nyuma ya sikio la dereva wa gari la wagonjwa. Dereva akafika nayo nyumbani, mkewe akamuuliza, "Hereni hiyo umevalishwa na nani?" Bi Taratibu alikwenda mwenyewe kumtetea, na tangu hapo akaweka sheria: mgonjwa havai viatu kabla ya kupitisha kiganja kichwani, kuanzia kwenye paji hadi kisogoni, halafu nyuma ya masikio yote mawili. Ukizoea, unafanya popote unapoinuka. Mimi nafanya hata darasani. Wenzangu wanadhani nina chawa.

Sasa Baba. Baba ndiye mganga mkuu wa hospitali hii, na ndiye aliyenipa ukurasa huu wa programu ya sherehe ya kumuaga niuandike. "Weka mambo mepesi, binti. Upole wake, usafi wake. Hayo ya kuchomana-chomana yaache." Nyumbani anaiita tiba hiyo mchezo wa watoto, na ameshaamua: Bi Taratibu akiondoka, chumba kinakuwa stoo ya viti vibovu. Muuguzi aliyefundishwa naye kwa miaka mitatu, mwenye cheti chake, anarudishwa dirisha la kuandikisha wagonjwa.

Ningenyamaza. Mimi ni mtu wa kukaa nyuma, kila mtu anajua. Lakini Jumapili, tulipomaliza kula, Baba aliinuka, na kabla hajavaa ndara zake akapitisha kiganja kichwani. Paji. Kisogo. Nyuma ya sikio la kulia, nyuma ya la kushoto.

Mama akaangalia sahani yake. Mimi nikagonga kijiko kwenye bakuli kwa hasira. Bi Taratibu hajawahi kutoa siri ya mgonjwa, wala hii hakuitoa. Mkono wa Baba ndio uliosema. Yaani yeye kichwa kimeshatulia, basi afunge mlango! Na sisi wengine vichwa vyetu tukavilaze wapi, kwenye viti vibovu? Kwa lugha ile nyingine ya shuleni ningeyaandika haya kwa adabu zaidi. Hasira yangu inajua Kiswahili.

Bi Taratibu, asante kwa ndoo yenye maua, na kwa kunisubiri nizungumze bila kunisukuma. Ombi letu ni moja: siku ya sherehe, mbele ya watu wote, ufunguo wa chumba mkabidhi muuguzi uliyemfundisha.

Ndara zinasikika, zinakuja mlangoni kwangu. Huwa nafunika ukurasa kwa kitabu cha jiografia. Leo kitabu kinabaki kwenye begi, na mstari wa mwisho nauandika Baba akiwa amesimama nyuma ya bega langu: nenda ukapumzike, Bi Taratibu, na kichwa chako kisikuume kamwe.