Kamba za Gauni la Phelista

Waombolezaji wenzangu, majirani wa Naitiri, wakwe zangu wa Bokoli na ninyi mliotoka Kitale kwa basi la hospitali, mimi ni Hillary Wekoye, mume wa marehemu, na historia hii ilikuwa isomwe na Bhavik, mfamasia aliyefanya kazi naye, lakini nimekataa, mke ni wangu na nitamsomea mwenyewe.

Phelista Nafula alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Bokoli, mtoto wa tatu wa Mzee Makokha, akasoma shule ya msingi Matulo, akamaliza sekondari mwaka 1997, kisha akaingia chuo cha famasia Nairobi na kuhitimu mwaka 2001. Wote wanasema alikuwa na akili nyingi na kicheko kikubwa, nami nakubali, ingawa kicheko hicho ningependa angekitunzia nyumbani.

Alianza kazi mjini Bungoma mwaka 2002, hapo ndipo nilipomwona, nikimchukulia mama dawa ya kifua, nikarudi mara nyingi hata mama alipokuwa amepona, na tarehe 18 Desemba 2004 tukafunga ndoa kanisani, Mungu akatujalia Peris na mdogo wake Simiyu.

Mwaka 2011 alihamia hospitali moja ya Kitale, chumba cha kuchanganyia dawa za saratani, na hapo ndipo usingizi wangu ulipoharibika. Dawa zile humtibu mgonjwa, lakini humdhuru anayezishika ovyo, kwa hiyo kila siku alivaa barakoa, miwani, glavu mbili mbili, na gauni refu lisilopitisha maji, ambalo hufungwa kwa kamba mgongoni, mahali ambapo ni vigumu kujifunga mwenyewe. Nikamuuliza nani anamfunga, akasema Bhavik, bila hata kupepesa macho. Wahenga walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia, na mimi nilipalilia, lakini kamba zilifungwa na mwingine.

Nilijua Bhavik ana mke wake, Neelam, na chakula cha Neelam nimekila mara nyingi, lakini wivu hauna masikio. Nikamwambia Phelista alete lile gauni nyumbani, nimfunge mimi kabla hajatoka, akacheka mpaka akakaa chini, "Baba Peris, ati nivae hiyo kitu kutoka Naitiri? Si hiyo gauni haitoki kwa hiyo chumba, bana, tukimaliza inatupwa huko huko." Nilinuna wiki nzima.

Jumapili tarehe 8 Juni 2025 alianguka jikoni kwa kiharusi, na Jumatano tarehe 11 akatuacha, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuzilaumu zile dawa, nikataka kumkamata Bhavik kola, lakini daktari akanieleza kwamba afya ya Phelista ilikuwa ikipimwa kila mwaka, dawa hazikumdhuru, kilichomwondoa ni presha. Basi kamba zile zilifungwa vizuri miaka yote, na hilo nalo linaniuma, kwamba aliyenilindia mke si mimi.

Jana mochari tulimvika gauni jeupe la kuzikiwa, nalo pia lina kamba mgongoni, Bhavik akasogea kwa mazoea, mikono tayari, nikamwambia leo ni zamu yangu. Nikafunga, fundo likafunguka, nikafunga tena, likafunguka tena, Peris ananitazama tu. Ndipo nikasema, "Bhavik, kuja unionyeshe." Akanionyesha, polepole, bila kumgusa, nami nikakaza mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupasua kuni, na wafanyakazi wenzake wote. Bhavik, wewe nakushukuru kwa jina, lakini tafadhali usisimame karibu na kaburi kuliko mimi.

Phelista wangu, pumzika kwa amani, umefungwa vizuri, na aliyekufunga ni mumeo.