Moyo wa Masalu Haukurogwa

Benchi la gahawa la machimbo ya Mwakitolyo halijui msiba. Kaka yangu Masalu tulimzika Jumanne. Alhamisi asubuhi watu wawili walikuwa wameshafungua kesi: Karasha, msaga mawe, na Mzee Leseni, mwenye duara, shimo la dhahabu ambamo kaka alianguka akafa. Mshitakiwa ni wifi yangu Vumilia. Alimpelekea mumewe uji hadi mdomoni mwa duara, na wachimbaji huamini mwanamke akikanyaga pale, balaa. Kesho ukoo unakaa kuamua kama afukuzwe. Mimi nikaketi katikati yao.

— Shikamooni.

— Marahaba, msomi, akasema Karasha. Dalili ya mvua ni mawingu. Uji saa nne, kifo saa tano.

— Na wewe ulikunywa gahawa saa tatu. Nikufunge?

— Bhebhe, wewe! akaruka Mzee Leseni. Kijana wa miaka thelathini na mbili, anapandisha viroba viwili vya mawe, moyo usimame wenyewe? Yule mama kaamsha joka linalolinda dhahabu.

— Lenye vichwa viwili, akadakia Karasha. Cha pili kiko machimbo ya Nyarugusu.

— Joka gani, babu? Mwezi wa tatu kaka alizimia, daktari akampima, akanieleza. Vinasaba vinavyoujenga moyo mtoto akiwa tumboni haviachi kazi akizaliwa. Vinauhudumia ukubwani pia. Wewe ukishaweka magogo ya duara, si unarudi kuyakagua? Sasa kimoja cha Masalu kilikuwa na kasoro tangu kuumbwa. Mdundo umekuja kuvurugika juzijuzi tu. Uji umeingiaje hapo?

— Kasoro kaitoa wapi? akauliza Karasha.

— Karithi. Hata baba alianguka ghafla shambani, na uji hakuletewa!

— Si ndilo joka hilohilo! akasema Mzee Leseni. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nikapiga benchi kofi, vikombe vikaruka. Miaka tisa Vumilia amefua matope ya duara lao, leo wanamwita muuaji!

Mgeni mmoja, aliyekuwa akingoja gari la Kahama, akageuka taratibu.

— Samahani, dada. Marehemu ameacha watoto?

— Wawili.

— Na hicho kitu kinarithiwa?

— Kinarithiwa! nikasema, nikiwakazia macho wale wawili.

— Sasa watoto wamepimwa?

 

Wote watatu wakanitazama mimi. Siku mbili nzima nilikuwa nikipanga hoja za kumtetea mama wa watoto hao; kuwapima wao sikukumbuka.