Mama Ernestine Inamahoro, Mwalimu Aliyeshuka Mashuani wa Kwanza

Ndugu, jirani na wote mliofika kutusindikiza, familia inawaomba mtulie kidogo, tuwasimulie maisha ya Mama Ernestine Inamahoro.

Alizaliwa Luvungi tarehe 3 Machi 1938, binti wa kwanza wa mzee Protais, karani wa bandari ya Kalundu, na mama Generose, mkulima wa mihogo. Alisoma kwa masista hapa Uvira tangu mwaka 1946, akapata cheti cha ualimu mwaka 1957, akaanza kufundisha Kalundu, ambako watoto walimpenda sana, ingawa mbele ya watu wazima sauti yake ilizama kooni.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, alichaguliwa kusoma salamu za walimu mbele ya umati, akazisoma mbiombio, macho kwenye karatasi, mpaka watu wakaanza kuongea wao kwa wao. Jioni baba yake alimwambia bila kumcheka, "Mwanangu, ulikuwa unaongea na karatasi, sisi ulituacha." Tangu hapo, kila Jumamosi, Protais alisimama upande mmoja wa gati na binti yake upande wa pili, wapagazi wakipita katikati na magunia, naye baba aliinua mkono kila neno lilipompotea, hata Ernestine akajifunza kusikika bila kupiga kelele, kumaliza neno kabla ya kuanza lingine, kunyamaza watu wanaponong'ona, na kumtazama mtu mmoja badala ya umati.

Tarehe 11 Agosti 1962 aliolewa na Cyprien, fundi wa injini za mashua, aliyekaa hapa mbele yetu.

Mei 1964, maasi yalipoingia mjini na bunduki kuanza kulia, watu walikimbilia Kalundu, wakaijaza mashua ya kwenda Bujumbura hata maji yakaanza kuingia ubavuni, Cyprien akakataa kuwasha injini, nao wakamtukana. Ernestine, mwenye mimba ya miezi sita, alipanda juu ya magunia ya chumvi, akangoja makelele yapungue, kisha akamtazama mwanaume mmoja. "Baba, weye mwenye godoro, iko mama nyuma yako na mapacha. Mashua itarudi."

Yule akauliza, "Na weye, mwalimu, utashuka?"

"Minye nashuka wa kwanza."

Akashuka, mwenye godoro akamfuata, wengine nao wakafuata, mashua ikavuka salama, na kabla ya jua kuzama ikarudi kuwachukua waliobaki.

Félicité alizaliwa Bujumbura tarehe 19 Agosti mwaka huo, na waliporejea Uvira mwaka 1967 wakajaliwa Hyacinthe na Marie-Jeanne. Mbali na darasa lake, Mama aliwafundisha makatekista na wasemaji wa mahari kusimama mbele za watu, akiwaambia, "Mutu akiogopa ni vizuri, maana yake anawaheshimu wanaomusikiliza."

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2006, akatutoka kwa utulivu tarehe 11 Juni 2009, mkono wake ukiwa katika mkono wa Cyprien. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake. Wiki moja kabla, Marie-Jeanne alimwuliza tuseme nini siku ya leo, akacheka, akajibu, "Museme kweli, na musiseme sana, watu watakuwa wamesimama juani."

Tumetii, Mama. Ulale sasa katika amani ya Mungu.