Hasara Yangu na Lubugo ya Nnalongo

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe Yeye aliyeninyang'anya duka akanirudishia roho!

Wengi mnanijua, ninauza viazi Kawempe. Enzi za utawala wa wanajeshi, Wahindi walipofukuzwa, kaka yangu sajini alinipatia duka lao moja. Nikawa mafuta mingi, kama walivyotuita sisi matajiri wa ghafla. Ghalani nilikuta vichanja vya mbao vya kuwekea magunia. Sikujiuliza kwa nini wenyewe waliyainua. Vichanja nilivifanya kuni, nikawachomea rafiki zangu nyama!

Sukari ilipoadimika niliificha humo, nikingoja bei ipande. Ikaja mvua. Maji yakaingia ghalani, na sukari yote ikawa uji. Ndugu zangu, nililia! Kisha nikaenda kwa mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu, naye mwanajeshi, nikamwambia duka langu likifa watu wataumia, kwa hiyo watu walifidie. Akaamuru kila nyumba itoe kitu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilitaka hata wasio wa kwangu walile.

Nikapita Bwaise na askari wawili. Nnalongo, mjane mama wa mapacha, tulimkuta ameketi juu ya meza, nyumba imejaa maji. Hakuwa na kitu ila lubugo, nguo ya gome la mti aliyojiwekea azikwe nayo. Akanipa.

"Chukua, ssebo," alisema, akiniita bwana. "Wakati ya faida ulikula peke yako. Sasa hasara ndiyo tunakula sisi wote?"

Nilikasirika. Nikaitia begani, nikashika barabara ya Bombo. Sasa mnajua, mtu akionekana na lubugo begani, kuna msiba. Watu wakaanza kunisimamisha. Fundi wa baiskeli akavua kofia, akanipa pole. Mama muuza ndizi akaniuliza, nani amekufa? Nikaketi kando ya barabara. Nililia tena, na safari hii si kwa ajili ya sukari.

Siku hiyohiyo niliwatafuta walokole wa Kisugu, nikatubu mbele yao. Wakaniambia, toba ni kurudisha. Hofu ilinishika! Kupinga amri ya mwanajeshi siku zile kulikuwa kujichimbia kaburi. Lakini nilirudisha kila kitu, nyumba kwa nyumba. Nikapigwa viboko, duka likaenda, na Bwana akaniacha hai.

Nimewaza sana tangu hapo. Sisemi tusichangiane katika shida. Mafuriko yaleyale yaliharibu nyumba ya Nnalongo, na hakuna aliyeamuru mtu amsaidie. Kama ni mchango, ungeanzia kwake, si kwangu niliyeficha sukari watoto wakinywa uji bila sukari.

Miaka mitatu baadaye Nnalongo alifariki. Niliibeba tena lubugo ile, na walioniuliza nani amekufa niliwajibu: mama yangu. Asante Yesu! Wewe uliyeshika cha mwenzako, mwamini Bwana, ukakirudishe leo, mwenyewe angali hai.