Seli Shina za Dada

Kwenye basi la kwenda hospitali, mbele yangu, fundi cherehani mwenye saratani ya damu alikuwa anamgomea dada yake. "Daktari kasema seli shina zako, hizo mbegu za damu, zitaota mwilini mwangu. Si na mdomo wako utaota humohumo?" Dada akacheka. "Heri mdomo wangu kuliko jeneza lako, mdogo wangu."

Marehemu mke wangu, aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, hakubahatika kubishana hivyo. Wakubwa wa serikali walituambia tiba hiyo bado ni utafiti, ilhali wao wakiugua mafua tu hupanda ndege kwenda kutibiwa ng'ambo.

"Ukianza umbeya kwa mdomo wangu, nitakupa na siri za mtaa," dada alisema, akimfunga kifungo cha koti.

Basi likasimama langoni. Fundi hakuinuka. "Watakuchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, dada. Itakuuma."

Dada akaacha mzaha, akamshika mkono na kumwinua.